Kamera Mbili na Mpira Mmoja

Wapendwa wanakwaya, kulikuwa na mpiga picha mmoja mwenye studio pale sokoni. Ndani alikuwa na kamera ya dijitali ya zamani, zile za mwanzo mwanzo kabisa, dude zito la kukaa juu ya miguu mitatu na kufungwa waya kwenye kompyuta. Alishaisahau. Mke wake alikuwa anaanikia vitambaa juu yake.

Siku moja akaja mgeni anayekusanya kamera za kale. Alipoliona lile dude, akaondoa vitambaa kimoja kimoja.

"Mzee, hizi zilitengenezwa chache. Nchi nzima nimeziona mbili, hii yako na ya mwenzako hapo ng'ambo ya barabara. Nitarudi mwezi ujao ninunue moja."

"Na kama ingebaki moja tu?"

"Hapo mwenye nayo angetaja bei aitakayo."

Mnadhani yule bwana alilala? Nyumba yake ilikuwa haina paa upande mmoja, na sasa paa lake aliliona limekaa studioni kwa jirani. Lakini ni muumini kama sisi, hawezi kwenda kuvunja kamera ya mtu. Basi akafanyaje? Akawanunulia watoto wa jirani mpira. Mpira mzuri, wa ngozi. Akawaambia, "Nje jua kali, wanangu. Chezeni ndani, studioni kwa baba yenu."

Haikupita wiki, kamera ya jirani ikawa vipande vipande sakafuni. Wa kwanza kufika na pole alikuwa nani? Yeye, na machozi, na kilo ya sukari. Akashika na ufagio, asije fundi akaviunganisha vile vipande.

"Kaa tu, ndugu yangu, usije ukajikata. Mimi nitavitupa."

Akavitupa kwenye choo cha shimo. Jumapili jirani akasimama kanisani kumshukuru, watu wakapiga makofi.

Mgeni akarudi, akaambiwa ya jirani imevunjika. Akafunga waya, akabonyeza. Kimya. Akafungua mgongo wa kamera, akachungulia.

"Kuna kifaa kidogo humu kimekufa, na siku hizi hakitengenezwi. Tukitoe kwenye ile nyingine, hata kama imevunjika. Bila hicho sinunui."

Jirani alikuwepo, amekuja kumshangilia mwenzake. Akasema kwa furaha, "Kichukueni bure kabisa. Mtu alinililia hivi, nitamnyima kifaa? Ndugu yangu, vile vipande ulivitupa wapi?"

Mnacheka. Chekeni tu. Lakini mwimbaji mwenzetu akikaukiwa sauti, si tunampelekea tangawizi huku tumeshajipima joho lake? Kila mmoja wetu ana kitu kilichokufa ndani, na mara nyingi Mungu amekiweka kizima kwa yule yule tunayemwombea aanguke.

Kwa hiyo leo tukitoka hapa, usikimbilie chakula. Pita kwanza kwa jirani, ukachukue mpira wako.