Siku Mama Lusungu Alipotaka Siri ya Skola

Kisa hiki nililetewa na mtu, nami nakuletea wewe. Usikimbilie mstari wa mwisho.

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu, kule ambako baridi huunguza majani ya viazi, aliishi mjane aliyeitwa Mama Lusungu. Alikuwa mkulima hodari, na akiongea alisikika ng'ambo ya bonde. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo Lusungu, na alimpenda kama mboni ya jicho.

Lusungu akachumbia. Binti aliitwa Skola, mshonaji wa nguo wa pale pale kijijini. Posa ikapokelewa, wazee wakapeana mikono.

Siku moja jirani akamnong'oneza mama: "Mwenzangu, mkweo mtarajiwa nimemwona zahanati. Anatoka kile chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho kila mtu alikijua. Ndimo watu walimopimwa virusi vya Ukimwi, na ndimo wanaoishi navyo walimochukulia dawa.

Mama Lusungu hakulala. Kulipokucha akamkamata jogoo wake mnono awe zawadi, akaenda naye pamoja na swali lake kwa Daktari Mgaya, daktari pekee wa zahanati ile.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Yule Skola, anavyo au hana?"

Daktari akamtazama jogoo, kisha akamtazama yeye. "Mama, hilo siwezi kulijibu."

"Mimi ni mama mkwe wake!"

"Hata ungekuwa mama yake mzazi. Skola ni mtu mzima. Sheria inanikataza kusema, na hata kama isingenikataza, nisingesema. Yeye na Lusungu waje wenyewe, kwa hiari yao, wapime pamoja, wasikie pamoja. Mlango uko wazi."

"Kwa hiyo mwanangu afe, na wewe umefunga mdomo?"

"Anayeingia chumba kile simwachi hivi hivi, mama. Nakaa naye. Namhimiza azungumze na mwenzake, namsaidia hata kutafuta maneno. Lakini wa kusema ni yeye, si mimi."

Mama Lusungu akatoka na jogoo wake kwapani. Wala hakujiona mbaya. Alikwisha kumzika mume. Sasa aliona mtu amelikalia neno moja ambalo lingemwokoa mtoto wake wa pekee. Mzazi gani angetulia?

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Daktari yule anaficha maradhi! Watoto wetu watatuishia!" Maneno yakashika moto, na haikupita muda mkutano wa kijiji ukaitishwa. Ajenda ilikuwa moja: kuiomba serikali imhamishe Daktari Mgaya.

Uwanja wa shule ukafurika. Lusungu alikaa nyuma, pamoja na vijana wenzake. Skola alikaa na mama yake, ameinamisha kichwa. Mama Lusungu akasimama, akasema yote aliyokuwa nayo. Jina hakulitaja, lakini macho ya watu yalijua pa kwenda.

Mwenyekiti akamgeukia daktari. "Bwana daktari, tusichoshane. Huyo binti anayesemwa, wewe tuambie tu kwamba hana, sote twende zetu nyumbani."

Hata Mama Lusungu alishusha pumzi. Kweli, lilikuwa neno moja tu.

Daktari Mgaya akainuka taratibu. "Mwenyekiti, leo nikisema huyu hana, kesho mtaniuliza wa pili. Nitasema hana. Keshokutwa mtaniuliza wa tatu, nami nitanyamaza. Je, hamtakuwa mmekwisha kujibiwa? Ndiyo maana nanyamaza kwa wote. Kama hilo ni kosa, nihamisheni."

Akakaa.

"Haya," mwenyekiti akasema, "wanaotaka aondoke wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka, mingi tu. Wa Mama Lusungu ulitangulia.

"Na wanaotaka abaki?"

Mzee Kikoti, mwanajeshi mstaafu, akasimama akiegemea fimbo. "Mimi ninalo langu liko kwa daktari huyu. Ni miaka mingi sasa. Nani kati yenu amewahi kulisikia?"

Akaigonga fimbo chini.

"Basi mimi nasimama."

Mwalimu mkuu akasimama. Akasimama mke wa mchungaji. Akasimama muuza nyama, na wifi yake, na fundi baiskeli. Pengine huyu aliwahi kutibiwa kifua kikuu, yule alipoteza mimba, mwingine alisaidiwa kuacha pombe, na mwingine alikijua chumba cha mwisho. Nani kwa lipi? Hakuna aliyeweza kujua. Wakaendelea kuinuka safu kwa safu, hata baadhi ya wale walionyoosha mikono. Hapakuwa na kelele wala makofi. Ulisikia khanga zikichakarika na viatu vikikanyaga majani makavu.

Mama Lusungu akawatazama mmoja mmoja. Watu hawa aliishi nao maisha yake yote, akidhani anawajua. Kumbe mtu mmoja alikuwa amewabeba wote kimya kimya, wala hakuwahi kumwangusha hata mmoja.

Akageuka kutafuta wa kumuunga mkono. Kule nyuma, kati ya vijana, mtu mmoja alikuwa anainuka polepole.

Alikuwa Lusungu.

Hakuinamisha uso. Alimtazama mama yake moja kwa moja, machozi yakimlengalenga.

Hapo mama akaelewa. Kama daktari angekuwa mtu wa kufungua mdomo mzazi akija juu, basi mama yake Skola naye angekwisha kwenda kuuliza habari za Lusungu. Na angejibiwa.

Swali likamjia mdomoni: mwanangu, una nini? Akalimeza. Akajikuta naye amesimama, anapenya katikati ya watu mpaka alipo Skola. Akapiga magoti mbele ya binti yule, mbele ya kijiji kizima.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Daktari Mgaya hakuhamishwa. Lusungu na Skola walikwenda zahanati pamoja, wakatoka wameshikana mikono, na baada ya mavuno wakafunga ndoa. Leo wana watoto wawili wazima, wakorofi, wenye afya tele.

Ikafika siku Lusungu akamweleza mama yake kila kitu, kwa kupenda mwenyewe, wakiwa shambani. Alichomweleza, mama hajamwambia mtu mpaka leo. Nami ninayekusimulia sikijui.

Funzo: Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa mwenyewe, na tabibu anayekataa kukupa siri ya mwenzako ndiye huyo huyo anayeilinda yako na ya mtoto wako.