Siku Tatu za Kufunga Baraza

Sogeeni niwape kisa, kikiwauma, msininunie.

Palikuwa na mji ambao zimwi lilikuwa likiujia na kubisha hodi mara tatu. Baraza zima likilijibu, "Hukaribishwi," lilirudi porini.

Mfalme Mringo alitaka kisima, wazee wakabishana wee. Akamwambia Bi Msimu, mshika ufunguo, "Funga baraza siku tatu tu, mama." Bi Msimu alikuwa na kiu kama wenzake. Akafunga.

Kisima kikachimbwa, maji yakatoka matamu. Ndipo hodi ikaja, ikarudi, ikarudi tena. Wazee walikuwa makwao. Mfalme akajibu peke yake, "Hukaribishwi."

"Sauti moja si mji," zimwi likasema, likaingia.

Bi Msimu yu hai bado. Kila asubuhi hulitekea zimwi maji, nayo ni matamu kweli.