Picha za Doto
Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzi tu, picha zilipohama kutoka kwenye albamu kwenda kwenye kompyuta, aliishi Shinyanga mama aitwaye Minza. Alijaliwa mtoto wa kiume, Masanja, kisha mabinti mapacha, Kulwa na Doto.

Mnajua wenyewe, mapacha hawabaguliwi. Akipewa huyu, apewe na yule. Kila Krismasi Minza aliwapeleka studio na magauni ya kitambaa kimoja. Akakaa Kulwa kwenye stuli, akapigwa picha. Akashuka Kulwa, akapanda Doto, stuli ileile, akapigwa picha. Ila Doto hakujua kutulia, na picha zake zilitoka na ukungu kidogo. Walipofika miaka sita, surua ikamchukua Doto.

Miaka ikaenda. Mchwa wakaanza kula albamu. Masanja akawahi kuingiza kila kitu kwenye kompyuta, picha pamoja na nyimbo za kwaya za mama yake, na mabaki yakachomwa. Ikawa vurugu: ubatizo katikati ya harusi, wimbo mmoja mara tano.

Kabula, mke wa Masanja, akaleta programu ya kupanga. Alikuwa hodari, tusimpunje. Akaiagiza: nyimbo zipange kwa mwimbaji, picha kwa sura. Ukikuta mbili zinazofanana, bakiza iliyo safi, nyingine tupa.

Programu ikapanga. Ilipofika kwa mapacha ikasita, ikaonyesha nyuso mbili, ikauliza: huyu na huyu ni mtu mmoja? Aliyekaa mbele yake ni Kulwa, sasa mtu mzima. Akatazama, akatazama tena, akabonyeza: Ndiyo.

Kesho yake Masanja akaona kompyuta imejaa. Akafungua pipa la taka la humo kompyutani, asichungulie, akafuta vyote.

Ikafika siku ya kujengea kaburi la Doto. Minza akataka picha ya kuweka kwenye jiwe. Wakamfungulia kompyuta.

"Huyu Kulwa," akasema. "Na huyu Kulwa. Wote Kulwa. Doto wangu hakutulia hivi." Akawageukia. "Nani kamtupa mwanangu?"

Kabula akapiga magoti. "Mama, niliiagiza itupe, lakini iliuliza kwanza. Mimi Doto sikumwona hata siku moja. Ningemjuaje?"

Masanja akasema, "Mama, nilimwaga taka tu. Taka si humwagwa?"

Kulwa alikuwa analia. "Mama, niliulizwa kama ni mtu mmoja. Nilitazama nikashindwa kujua mimi ni yupi. Na wewe umenilea ukiniambia mimi na Doto ni mtu mmoja. Nikasema ndiyo."

Nje, fundi akaita kwamba saruji inakauka.

"Mama, weka yangu," akasema Kulwa. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema Minza. "Unataka niwazike wawili?"

Fundi akajenga, akaacha mraba mtupu pale pa picha. Upo mpaka leo, na Minza huufuta vumbi kwa kanga yake kila akienda.

Inaniuma kila nikiisimulia, na jibu sina. Haya, nisaidieni ninyi mliokaa mkanisikiliza: yupo aliyeagiza, yupo aliyejibu, yupo aliyemwaga, na yupo aliyewavika gauni moja akawaita mtu mmoja. Je, nani aliyempoteza Doto?