Skrubu ya Pampu ya Kikundi

Ndugu zangu, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo, niwape habari ya mkulima mmoja wa vitunguu. Na msianze kuangaliana. Simsemi mtu wa hapa.

Mkulima huyu na wenzake walichanga wakanunua pampu ya kuvuta maji mtoni, ile yenye injini ndogo ya kuwasha kwa kamba. Wakawekeana zamu, leo kwako, kesho kwangu. Yeye ndiye aliyeelekezwa dukani namna ya kuitunza, kwa hiyo ikisumbua anaitwa yeye. Na alipenda kuitwa, jamani! Akipita njiani watu wanasema, "Bila huyu tungekuwa tumekauka." Yeye anakohoa kidogo, anajifanya hajasikia.

Tabu ikaja kwamba pampu ilikuwa nzima. Wiki zinapita, haisumbui, haitwi mtu. Watu wakaanza kumsalimia kama wanavyosalimia mtu yeyote.

Mnazijua hizi injini? Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ndogo inayoshika silensa, yaani ule mngurumo wa chini, injini imewaka lakini haijapewa kazi. Ukiilegeza kupita kiasi, injini inawaka, inakohoa, inazima kabla hujaiongezea mafuta. Basi mkulima wetu kila akimaliza zamu yake anainama na kitambaa kama anayefuta vumbi, kumbe bisibisi imo ndani ya kitambaa. Analegeza kidogo. Kisha anakwenda nyumbani kwake, anakaa mlangoni, anasubiri.

"Fundi, njoo, imegoma tena!"

Anakuja mbio, anatikisa kichwa, anawaamuru watu wasimame mbali. Anaikaza, inanguruma, makofi. Aliyemwita mara nyingi kuliko wote alikuwa mama mmoja mjane, ambaye zamu yake ilifuata ya mkulima. Mama huyo alikuwa akimwombea kanisani kwa jina. Mnadhani mwenzetu aliweza kufumba macho akiombewa? Alitazama sakafu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na bado zamu yake ilipofika alibeba kitambaa.

Siku moja akaletewa habari ya msiba kwao, mbali. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshalegeza skrubu. Akapanda basi, akaenda. Ilikuwa kiangazi, vitunguu vinaanza kutunga, na vikikosa maji wakati huo, mwaka wa watu umekwisha. Kule msibani alilia sana, watu wakasema alimpenda marehemu. Si angepiga simu aseme, "Kazeni skrubu ya ubavuni"? Angeweza. Lakini wangemuuliza amejuaje ugonjwa wa pampu akiwa mbali vile. Akaichukua simu, akairudisha mfukoni. Heri mashamba ya wenzake yafe kuliko yeye kujulikana! Ndugu zangu, mwanadamu anaweza kufika hapo, tena akiwa na Biblia mkononi.

Aliporudi alipita njia ya nyuma ili asikutane na mtu. Akasikia injini inanguruma taratibu, imetulia. Mashamba yote mabichi. Na la kwake nalo limenyweshwa, lina matope. Yule mama mjane alikuwa kando ya pampu, anasogeza mpira wa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi. Niliiacha ipate moto, nikakaza ile skrubu kidogo kidogo mpaka ikatulia. Nimekuona mara nyingi."

"Umenionaje, mama? Nikiikaza si huwa mnasimama mbali?"

"Sikukuona ukiikaza, mwanangu. Nilikuona ukiilegeza."

Mkulima akakosa pa kuweka uso. Akanong'ona, "Sasa kwa nini ulikuwa unaniita?"

Mama akasema, "Kila nilipokuita nilijiambia, leo ataniambia mwenyewe."

Mnacheka? Chekeni, lakini kidogo. Sisi ni nani humu ndani? Kuna ambaye ameficha ufunguo wa stoo ya kanisa ili tumtafute. Kuna mama mkwe asiyemwelekeza mkwewe jikoni, halafu anasimulia mtaani kwamba binti hajui kupika. Kuna anayegombanisha ndugu wawili gizani, kesho anakuja kuwapatanisha mchana, na tunamshukuru. Tumependa kuombwa msaada kuliko tunavyopenda watu wasaidike. Hiyo ni aibu, tena ni yetu.

Na tukidhani hakuna aliyeona, tunajidanganya. Mungu anatuita kwa majina yetu, nasi tunaitika kama watu wema, na kumbe anasubiri tuseme.

Sasa hivi tutasimama kuimba wimbo wa sadaka. Aliye na jirani wa kumwambia, asiimbe. Atoke kwa mlango ule, aende akamwambie. Tutamsubiri.