Kifungua Mlango cha Bi Mwanasiti

Ushikapo mlango, mwombee asiye na mlango.

Vijana wa Mwamba Mdogo walilisikia neno hilo harusini, likisemwa na mama mmoja aliyesimama mbele ya chumba cha bibi harusi, na watu wazima wote wakatikisa vichwa kukubali. Wao wakabaki kutazamana. Kesho yake, wakiosha masufuria ya pilau uani, wakamuuliza Bi Rukia, ajuza wa mtaa, neno hilo limetoka wapi. Bi Rukia akakunja miguu mkekani. Haya, akasema, yaacheni hayo masufuria, maana kelele zake zitanipoteza. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mwanasiti, muuza mikate ya kumimina, mwepesi wa kulia na mzito wa kusema mbele za watu. Hakujaliwa mtoto. Alimlea Saumu, binti wa marehemu kaka yake, akampenda kupita kiasi, na yeyote aliyemwambia kwamba anamdekeza alijibiwa, "Basi na wewe njoo nikudekeze."

Wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, nyangumi walikuja kuzalia huku kwetu. Mama alimwingiza mwanawe katika mkondo ulio kati ya mwamba na ufuo, palipo na maji matulivu, akamnyonyesha hapo. Lakini mkondo huo huo wavuvi walitega majarife, zile nyavu kubwa za kunasia papa na taa. Mwaka mmoja mtoto wa nyangumi akanasa. Naye nyangumi huvuta pumzi kama mimi na wewe. Akizuiwa chini, hufa, naye yule akafa. Mama yake alizunguka pale kutwa, anazama, anaibuka, haondoki. Bi Mwanasiti alimtazama kutoka ufuoni, mikate ikamwungulia, akalia kama aliyefiwa na mtu wa nyumbani.

Akajikaza, akaenda barazani. Akaomba majarife yaondolewe mkondoni mpaka wageni wale wamalize kulea, kisha yarudishwe. Mwenye majarife mengi alikuwa Mzee Faki, mtu mkarimu, ila alipenda mno kuchekesha.

"Bi Mwanasiti," akasema, "huyo nyangumi ni nani wako? Mmechanjiana udugu?"

Baraza likaangua kicheko, na shauri likafia hapo. Mwaka uliofuata akarudi, wakamcheka tena. Akaenda zake na ushungi wake umelowa.

Basi Mungu si Athumani, Saumu akaposwa na Kombo, mtoto wa Mzee Faki huyo huyo. Na desturi yetu mnaijua. Siku ya kuingia, shangazi husimama mlangoni, na bwana harusi hapiti mpaka atoe kifungua mlango. Huombwa doti la khanga, au chupa ya marashi. Na wa upande wa mume, ili wasionekane wachoyo, hujibu kabla hawajasikia wanaombwa nini. Ni adabu tu, kwani hakuna shangazi aliyewahi kuomba lisilotoleka.

Siku ilipofika, Bi Mwanasiti alisimama mlangoni. Alijua anachotaka kusema, na alijua pia kwamba Mzee Faki akikasirika, akamchukua mwanawe akaondoka, Saumu ataachwa na hina yake mikononi. Mara mbili aliazimu kuomba khanga tu, yaishe. Msafara ukaingia kwa vigelegele, Mzee Faki mbele.

"Hodi, shangazi! Tufungulie."

"Haufunguki bure."

"Omba!" Mzee Faki akapaza sauti, jirani wasikie. "Omba lolote, tumekwisha kutoa!"

"Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika wanawake.

"Basi naomba mkondo. Majarife yatoke kila kusi, mpaka nyangumi waondoke na watoto wao."

Kombo akainamisha kichwa. Mzee Faki macho yakamwiva.

"Hii ni harusi au baraza?"

"Barazani nilikuja, kaka yangu, mkanicheka. Nyangumi hana baraza la kukaa wala mlango wa kusimamia. Mimi leo ninao huu mmoja, na kesho sinao."

"Na sisi tule nini?"

"Nje ya mwamba papa hawapo? Ni kwa msimu tu. Nakuomba, sishindani nawe."

Mzee Faki akamshika mwanawe mkono. "Twende zetu," akasema. Mkono wa Bi Mwanasiti ukaenda kwenye komeo ili afungue, aombe radhi. Ndipo mlango ukasikika ukigongwa kwa ndani. Bibi harusi, ambaye siku hiyo hata kikohozi hatakiwi kukohoa, akasema kutoka ndani, taratibu:

"Shangazi, usifungue kwanza."

Nani asingecheka? Wanawake wakapiga vigelegele mpaka makuti yakatikisika, Kombo akacheka, na Mzee Faki akajaribu kununa, akashindwa.

"Huyu ndiye mnayeniletea nyumbani?" akasema, akijifuta machozi. "Haya, mmeniweza. Ahadi ni deni. Majarife yatatoka."

Mlango ukafunguliwa. Katika furaha hiyo Bi Mwanasiti akasahau kujiombea hata leso ya kufutia jasho. Mzee Faki ndiye aliyekumbuka. Akanunua khanga isiyo na jina, akampa mwandika mabango aiandike maneno aliyoyatunga mwenyewe, akampelekea.

Kusi iliporudi, nyangumi aliingia mkondoni na mwanawe ubavuni, maji yakiwa matupu, hayana wavu. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Watoto walipoanza kupiga makelele, Mzee Faki akawakemea: "Shhh! Mnataka asinyonye?" Na Bi Mwanasiti, amejitanda khanga yake, alilia tena, safari hii bila kuona haya. Tangu hapo kila anayeshika mlango hapa kwetu hujiombea lake, kisha huomba na jambo moja la asiyekuwepo. Nanyi mtashika milango yenu, ya harusi na ya mengineyo. Na jina la khanga ile ndilo neno mlilolisikia: Ushikapo mlango, mwombee asiye na mlango.