Tarishi Aliyeangushwa na Vyeo

Kaeni kitako, na mwenye usingizi aende akalale, kwa kuwa kisa hiki hakina mwisho mpaka msikilizaji aufanye. Msimulizi hukileta tu hadi mlangoni. Kukiingiza ndani na kukifunga ni kwenu.

Palikuwa na mji wa kisiwani uitwao Mkungani, na mjini humo walikuwamo watu watatu ambao Mungu aliwapa vipaji, kisha akawanyima hima ya kuvitumia.

Wa kwanza ni Time binti Faki, mwalimu wa hisabati, na kipaji chake kilikuwa jicho. Programu ya kompyuta ikianguka, wengine huona kioo cheusi wakaapiza. Time huyaomba masalia yake, yaani tarakimu zinazobaki katika kumbukumbu ya mashine, akazisoma kama msasi asomavyo nyayo, hata akasema: hapa ilikanyaga, hapa iliteleza, hapa ndipo ilipovunjika shingo.

Wa pili ni Makame, ambaye watu walimtaja kwa jina la mama yake kila walipotaka kumtukana, na kipaji chake kilikuwa mlango. Hakuna programu iliyofungwa ambayo hakuuona ufa wake. Alipenya katika simu kuukuu za watu, akasoma yasiyomhusu. Mji ulimwita mwizi, nao haukukosea, ingawa kila aliyesahau neno lake la siri alimtafuta kwa kupitia uani.

Wa tatu ni Hamad Kombo, fundi wa kompyuta wa hospitali, na kipaji chake kilikuwa kiraka. Programu ambayo walioiandika walikwisha kuitupa, yeye aliweza kuibadilisha amri moja moja ndani ya tumbo lake, na isijue kama imeguswa. Ila Hamad hakugusa kitu pasipo ruhusa ya maandishi. Nyumba ingeungua mbele yake, naye angeuliza ni nani aliyetia saini maji.

Watu watatu hawa, Shaame mchonga milango aliwadharau sawasawa, bila kumpunja hata mmoja. Machoni pake mwalimu alikuwa kiburi kitupu, Makame uchafu, na Hamad kasha la karatasi lililovaa shati. Yeye kazi yake ilikuwa kuchagua mbao, na hapana ubao aliopata kuubembeleza. Uliopinda aliutupa.

Sasa hospitali ya Mkungani ilikuwa na programu ya kupelekea ujumbe iliyoitwa Tarishi. Ilikuwa kongwe. Waliiandika watu wa mbali, zamani, kisha kampuni yao ikafa, na neno la siri la kuifungulia likafa pamoja nayo. Hata hivyo ghala la damu, lililokuwa ng'ambo, halikutoa chupa yoyote mpaka ombi lipite kwa Tarishi, kwa sababu hapo kale mtu mmoja aliwahi kudanganya kwa simu. Wakubwa wakipata kosa moja, hulijengea ukuta, kisha hujisifu kwa ukuta.

Na Tarishi alikuwa na maradhi. Kumbukumbu ya mashine ni kama nyumba ndefu yenye vyumba vilivyopangana. Waliomwandika Tarishi walilitengea jina la mtumaji chumba kidogo, kwa kuwa kwao jina la mtu ni maneno mawili mafupi. Chumba cha jirani wakaweka amri zinazoiambia mashine ifanye nini baadaye. Baina ya vyumba hivyo hawakuweka mlinzi wa kupima urefu. Jina likizidi chumba chake, herufi zake humwagika kwa jirani, zikazifunika amri. Na mashine, kwa kuwa haina akili ya kushangaa, huzisoma herufi hizo kana kwamba ndizo amri.

Time aliliona hilo mapema. Akaenda mbele ya bodi ya hospitali, akaeleza. Mwenyekiti Khelef akamcheka, akamuuliza kama mwanafunzi wake yeyote amewahi kufa kwa kuandika jina refu. Wajumbe wakacheka baada yake, kwa mpangilio wa vyeo vyao. Time akachukua mkoba wake akatoka, na tangu siku hiyo hakulisema tena. Makame alilisikia, akaguna. Hamad alilisikia, akasubiri barua ya kumwamuru atie kiraka. Barua haikuja. Basi mji ukakaa juu ya shimo lake kwa starehe.

Asubuhi moja ya Idi, Mwenyekiti Khelef aliamua kuwatumia salamu watumishi wote kwa Tarishi. Wengine huandika jina. Khelef, katika mahali pa jina, aliandika kwamba yeye ni Mwenyekiti, Alhaji, Daktari wa Heshima, Mlezi wa Timu ya Mpira, Mjumbe wa Kudumu wa Kamati Zote, kisha akaanza nasaba, mwana wa fulani mwana wa fulani, akawapanda babu zake mmoja mmoja kama mtu apandaye ngazi ya mnazi wa jirani. Ndiyo desturi ya Mkungani: mtu asiye na la kusema husema amezaliwa na nani.

Tarishi alilipokea jina hilo. Likajaa, likafurika, na babu wa tano wa Mwenyekiti akaingia katika chumba cha amri. Mashine ikajaribu kumtekeleza marehemu, ikaanguka. Ilipowashwa, ikainuka, ikaukuta ujumbe uleule unangoja mbele ya foleni, ikausoma, ikaanguka tena. Mwenyekiti, alipoona hashukuriwi, akazituma salamu upya, na wapambe wake, wasije wakaonekana wamenyamaza, wakaanza kumtumia pongezi zilizobeba vyeo vyao wenyewe. Foleni ikawa ndefu, na kila aliyekuwamo alikuwa na sumu mdomoni.

Asubuhi hiyohiyo Mize, mke wa Shaame, alijifungua binti, na damu yake ikakataa kukoma. Damu ya kundi lake ilikuwa imekwisha hospitalini, na ndugu wote waliopimwa hawakulingana naye. Daktari alipiga simu ng'ambo. Akajibiwa kwa sauti ya upole kwamba wanamwombea mgonjwa, lakini ombi lipite kwa Tarishi.

Shaame alisimama ukumbini, binti yake mikononi amefungwa kanga, akawatazama watu wanaokwenda na kurudi bila kufanya lolote. Ndipo alipotamka neno ambalo mwenye akili iliyotulia asingelitamka.

"Sikilizeni nyote," akasema. "Mtu atakayelifikisha ombi hili ng'ambo, mke wangu akapona, mtu huyo ndiye atakayempa mtoto huyu jina. Nami sitaongeza wala sitapunguza. Wallahi."

Na Mkungani, mtoto huchukua jina alilopewa hadi kaburini, na aliyempa huhesabiwa katika wazee wake, hushauriwa akiposwa, na huwekwa karibu na jeneza lake.

Habari ikamfikia Time nyumbani. Angeweza kukaa akasema aliwaonya. Alikuja. Akamwomba Hamad masalia ya mashine, akayasoma amesimama, akawaonyesha herufi ambapo jina lilikoma kuwa jina likaanza kuwa amri. Kisha akamgeukia Khelef, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, akamtolea beti kama mtu atoaye risiti:

*Cheo kikizidi mtu, humwagika mlangoni,*
*Kikalowesha na watu, waliolala chumbani.*

Khelef alimwambia kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Time akamjibu kwamba adabu yake aliileta mbele ya bodi, na wakaicheka.

Lakini kuujua ugonjwa siyo kuufikia. Tarishi alikuwa amefungwa, na neno la siri lilikuwa kaburini. Hapo akaitwa Makame, naye akaingia kwa mlango wa mbele wa hospitali kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shaame alimsogeza mtoto mbali naye kidogo, na Makame akaona. Akauliza kipimo alichokipata Time. Kisha akatunga jina lisilo la mtu yeyote: likajaza chumba hadi herufi ile, na mkia wake akaufanya amri kamili ya kumfungulia mlango. Mashine ilipoinuka, kabla haijaigusa foleni, ilikuwa na pumzi moja tu ya kuitikia anayebisha. Katika pumzi hiyo Makame akabisha kwa jina lake la uongo. Herufi zikafurika mahali alipotaka zifurike, na Tarishi, aliyewakataa waungwana wote, akamfungulia mwizi.

Lakini kuingia siyo kutibu. Foleni ilikuwa imejaa vyeo, na kila ujumbe uliofutwa ulifuatwa na wapambe wawili. Makame aliweza kuushikilia mlango kwa muda mfupi tu. Hamad akatazama kioo, akamtazama Mwenyekiti, akaomba ruhusa ya maandishi. Khelef akasema kwamba jambo hilo litahitaji kikao. Shaame, ambaye hakuwa na nguvu ya kupiga kelele, alimsogelea Hamad akamwekea mtoto mikononi.

"Bwana Hamad," akamwambia, "ruhusa yako hii hapa. Ina masikio na pua. Ikikutosha, fanya kazi. Isipokutosha, mchukue umlee, maana mama yake anakwisha."

Hamad akamrudishia mtoto kwa mikono miwili, akaketi. Alijua kwamba kwa kuigusa mashine anaacha kazi yake na pensheni yake hapohapo. Akaigusa. Akaingiza ndani ya tumbo la Tarishi amri chache, kama apandikizavyo mkulima, zimfanye apime kila jina kabla ya kulipokea, na lililozidi alikate. Mashine ikaanguka mara ya mwisho, ikainuka, ikaifikia salamu ya Mwenyekiti, ikaipima, ikaikata. Watumishi wote wakapokea salamu za Idi kutoka kwa mtu aitwaye Mwenyekiti Alhaji Daktari wa He. Foleni ikasogea. Ombi likavuka. Boti ya kasi ikaleta damu, na Mize akafungua macho akauliza kwa nini watu wamemkodolea.

Hamad alifukuzwa kazi kwa barua iliyoandikwa vizuri sana.

Ikafika siku ya kunyoa nywele na kutaja jina. Nyumba ya Shaame ilijaa. Wa kwanza kudai haki alikuwa Khelef, aliyesema kwamba pasipo salamu zake shimo lisingejulikana, kwa hiyo shukrani zianzie kwake. Shaame alimwonyesha sahani ya wali, akamsihi ale akiwa bado mgeni. Mwenyekiti akala, na hapo tunamwacha, kwani tumbo lake halina uhusiano na kisa hiki tena.

Watatu walioketi kwenye mkeka hawakuondoka kwa wali.

Time alisema mtoto aitwe Shahida, kwa kuwa yeye aliona na kushuhudia watu walipofumba macho. Na pasipo jicho lake, mwizi angegonga kuta na fundi angeshona hewa. Mtu mmoja nyuma akamuuliza: mbona aliyaona mapema, akanyamaza kwa ajili ya kicheko? Time akauvuta mkoba wake karibu.

Makame alisema mtoto aitwe Mkasi, jina la mama yake, aliyezikwa na watu wachache kwa sababu ya mwana aliyemzaa. Hakuomba lingine. Pasipo yeye, jicho lingetazama na mkono ungengoja, nje ya mlango uliofungwa. Mtu akamuuliza: ufunguo uleule hakuutumia kusoma aibu za watu? Makame akasema ndiyo, na kwamba siku ile hakuna aliyemwuliza aliupata wapi.

Hamad alisema mtoto aitwe Raya, jina ambalo yeye na mkewe walikuwa wameliweka kwa binti ambaye Mungu hajawapa, na sasa daktari amewaambia wasingoje. Pasipo kiraka chake, ombi lingekufa kwenye foleni, na yeye ndiye aliyelipa kwa kazi yake. Mtu akamuuliza: kama angelipa mapema, Mize angemwaga damu kiasi gani? Hamad akasema: kidogo kuliko alivyomwaga.

Shaame akawaza kuyaunganisha majina yote matatu. Mize, aliyeegemezwa kwenye mto wa kulalia, akamsoma usoni kabla hajafungua kinywa.

"Mume wangu, usithubutu," akamwambia. "Jina refu tumeliona linavyofanya kazi. Ulimtia mwanangu katika kiapo kama mtu anayenadi mbuzi, bila kuniuliza, na mimi nikiwa sina hata sauti ya kukukataza. Sasa nimepata sauti. Uliapa mtu, hukuapa watu. Chagua, ukimtazama usoni kila utakayemnyima."

Shaame akawatazama. Alitafuta dharau yake ya zamani, ile iliyomrahisishia kutupa mbao, akaikuta imekwisha kwa hao watatu, na iliyobaki yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Kinyozi amekwisha kulowesha wembe. Mwalimu wa chuo cha Kurani ameinama, mdomo wake karibu na sikio la mtoto, anangoja neno moja alinong'oneze humo, nalo likishaingia halitoki. Mtoto halii. Shaame bado hajasema.

Basi nanyi msionyamaza kwa mengine, msinyamaze kwa hili. Aliyeona, aliyefungua na aliyetibu: yeyote kati yao angeondolewa, Mize angekuwa kaburini, na yeyote kati yao angeamka mapema, Mize asingelala akingoja damu. Jina ni moja na mwalimu amechoka kuinama. Je, ungekuwa ni wewe uliyeapa, ungemnong'onezea lipi?