Dawa ya Jumbe Shekivuli

Jumbe Shekivuli alikuwa na kila kitu isipokuwa punda, basi akaazima wa Namweta, bibi mganga wa miti shamba. Namweta alipomfuata punda wake, Jumbe akajishika kichwa.

"Punda gani, mama? Ubongo wangu umechakaa, sikumbuki kitu."

Namweta akampa pole, kisha kwa huruma nyingi akawasimulia wazee maradhi hayo. Wazee wakaamua kumvua ujumbe Ijumaa.

Jumbe akamwendea Namweta mbio. "Nipe dawa ya ubongo, la sivyo nakufukuza kijijini!"

"Ipo, baba. Majani ya mlonge na mizizi, nimeshachemsha. Ila ni chungu, na hunywewa mbele ya watu, wakuone ukipona."

"Lete hata ndoo!"

Ijumaa, mbele ya wazee, Jumbe akagugumia kibuyu kizima, akapangusa ndevu.

"Nimepona!" akanguruma. "Nakumbuka kila kitu, hata siku niliyotahiriwa! Nani anasema sifai?"

Namweta akachukua kibuyu chake. "Alhamdulillahi. Sasa waambie wazee, baba, punda wangu umemfunga wapi?"

Wazee wakatega masikio.

"Nyuma ya ghala," Jumbe akasema, na hapo ndipo uchungu wa dawa ulipompanda.